Kufuga nondo wa hariri pori wa Kakamega: kutoka yai hadi uzi

Mtu akisikia neno hariri, akili humpeleka China, kwenye majani ya mforosadi na yule kiwavi mweupe ambaye kwa maelfu ya miaka amefugwa ndani ya nyumba hata nondo wake akasahau kuruka. Wachache hujua kwamba katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, yupo nondo mwingine wa hariri ambaye hajafugwa na mtu, anayejitafutia mti, anayeishi kwa mamia katika familia moja, na anayejenga kiota cha hariri kinachoweza kujaa viganja viwili. Kisayansi huitwa Anaphe panda. Maelezo haya ni kwa mkulima anayeishi karibu na msitu wa aina hiyo, anayetaka kumtunza nondo huyu mtini na kuvuna hariri yake bila kumuua wala kuumaliza ukoo wake.

Jambo la kwanza ni ruhusa, nami naliweka mwanzoni kwa sababu watu wengi hulikumbuka wakiwa tayari wana gunia mgongoni. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu unaolindwa kisheria mwaka 1933. Sehemu ya kusini, penye kituo cha Isecheno, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na sehemu ya kaskazini, yaani Buyangu na Kisere, ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya Shirika la Wanyamapori. Hifadhini hauruhusiwi kutoa kitu. Kwingineko, sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawapa wananchi nafasi ya kutumia mazao ya msitu kupitia chama cha jamii cha msitu, kwa makubaliano na afisa wa kituo. Jiunge na chama, eleza unachotaka kufanya, kisha ndipo uingie. Ukiwa na miti yako mwenyewe shambani, mambo huwa mepesi zaidi, na nitafika huko.

Jambo la pili ni kuujua mti. Nondo huyu hutaga mayai hasa kwenye mkarati, Bridelia micrantha kwa jina la kitaalamu, mti ambao kila kabila la magharibi lina jina lake, kwa hiyo muulize mzee wa mahali hapo kabla ya kuhangaika na vitabu. Mkarati hukua kufikia mita 20 hivi, nao hupenda kingo za msitu, mabonde ya mito na sehemu zilizokatwa zamani zikaanza kuota upya. Shina la mti mchanga mara nyingi huwa na miiba mifupi iliyokomaa kama vidole vya mbao. Jani lake ndilo shahidi mzuri: ligeuze chini, utaona mishipa ya pembeni imepangwa sambamba kama mifupa ya samaki, na kila mshipa unafika hadi ukingoni kabisa. Majani mazee hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, hivyo hata kwa mbali mkarati hujitambulisha kwa madoadoa mekundu katikati ya kijani. Matunda yake ni madogo, yakiiva huwa meusi, nao ndege na watoto huyagombania.

Kakamega iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huku miezi ya Desemba hadi Februari ikiwa mikavu kidogo kuliko mingine. Msitu huu ni kipande cha mashariki kabisa cha ile misitu mikubwa ya Kongo, kilichobaki peke yake baada ya nchi iliyo kati kukauka na kulimwa. Nondo mwenyewe si wa hapa tu, kwa kuwa hupatikana katika nchi nyingi za Afrika ya tropiki na kuendelea hadi Afrika Kusini, ila ubaridi wa usiku na unyevu wa Kakamega humfaa, na mikarati ipo ya kutosha. Asichanganywe na Gonometa postica, nondo mwingine wa hariri pori wa Kenya, ambaye makazi yake ni nchi kavu ya Mwingi kwenye migunga, na ambaye kila kiwavi hujisokotea kifukofuko chake peke yake, tena kigumu kama ganda la karanga.

Sasa maisha yake. Jike hutaga mayai yote katika fungu moja, kwa kawaida upande wa chini wa jani la mkarati, kisha hulifunika fungu hilo kwa manyoya laini anayoyapangusa kutoka kwenye ncha ya tumbo lake. Asiyejua atadhani ni kipande cha sufu kilichonata kwenye jani, au ukungu. Mayai huchukua takriban wiki sita kabla ya kuanguliwa, muda mrefu kwa mdudu, na katika muda huo sisimizi, mvua ya mawe na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya wenzao hupata nafasi yao.

Viwavi wakianguliwa hawatawanyiki. Hubaki bega kwa bega chini ya jani walilozaliwa, wakilikwangua nyama na kuacha mishipa tu, hata jani likabaki kama wavu. Hukua kwa hatua saba, yaani hujivua ngozi mara sita, na kati ya hatua moja na nyingine hutulia siku kadhaa bila kula. Mfugaji mgeni huona utulivu huo akadhani wamekufa. Kadiri wanavyokua hula jani zima pamoja na ukingo wake, na nywele ndefu zinawafunika mwili. Kipindi chote cha ukiwavi huchukua karibu miezi mitatu katika majira makavu, na hukaribia miezi minne wakati wa mvua, kwa kuwa baridi huwapunguzia kasi.

Ukiwa na subira ya kusimama chini ya mkarati jioni, utaona jambo ambalo halisahauliki. Viwavi waliokomaa hushuka shinani kwa mstari mmoja, kichwa cha huyu kikigusa mkia wa yule, mamia yao, kama kamba yenye manyoya inayovutwa polepole na mkono usioonekana. Aliye mbele akisita, wote husita. Ukimwondoa mmoja katikati kwa kijiti, mstari hukatika, wa nyuma hutafutatafuta kwa kupeperusha kichwa huku na huku, kisha baada ya dakika chache mstari huungana tena. Safari hiyo ni ya kutafuta mahali pa kujenga. Wakipata tawi, panda ya mti au hata kichaka cha jirani, hukusanyika wakawa donge, kisha kila mmoja huanza kutoa uzi.

Kiota kinachotokea kina tabaka juu ya tabaka. La nje ni laini na limelegea, la kati ni kama karatasi nyembamba zilizopangwa pamoja, na la ndani ni ngozi ngumu ya kahawia ambayo kisu butu hakiipenyi. Ndani ya ngozi hiyo kila kiwavi hujisokotea kifukofuko chake chembamba, vikabanana kama punje za mahindi ndani ya gunzi. Nimepasua viota vyenye vifukofuko makumi machache, na vingine nilivihesabu hadi nikachoka nikiwa nimeshapita mia mbili. Ndani humo viwavi hugeuka mabundo, yaani hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo, na bundo hulala kati ya miezi mitatu na nusu na sita kutegemea majira. Kwa hiyo kuanzia yai hadi nondo ni kama miezi minane hadi mwaka; anayetaka mavuno ya kila mwezi atafute kazi nyingine.

Nondo hutoka kwenye kiota jioni, giza linapoingia, hasa kati ya Oktoba na Mei. Ana mabawa meupe ya maziwa yenye michirizi ya kahawia, na jike hutambulika kwa tumbo nene lenye kishungi cha manyoya nchani. Hupandana usiku, jike hutaga, na baada ya siku nne hadi sita wote wamekwisha.

Kabla ya kugusa kitu chochote, soma aya hii mara mbili. Nywele za viwavi hawa huwasha kama upupu, na ubaya wake ni kwamba hazipotei kiwavi anapogeuka bundo: hubaki zimejaa ndani ya kiota, hukatika, hupeperuka, na hukaa na ukali wake kwa muda mrefu. Vaa glavu za mpira, shati la mikono mirefu, miwani ya kufunika macho na barakoa. Fanya kazi nje, upepo ukitoka mgongoni kwako. Mwaka wa kwanza niliweka viota vitatu kwenye kona ya sebule nikidhani ni mahali pakavu na salama, na kwa wiki nzima nyumba nzima ilijikuna, pamoja na mgeni aliyekuja kulala siku moja. Viota huwekwa ghalani, ndani ya mfuko wa karatasi au wa kitambaa, mbali na kuku, watoto na vitanda. Pia usishawishike kuwala viwavi hawa. Zipo sehemu za Afrika ambako jamaa zao huliwa, lakini huko magharibi mwa Nigeria ulaji wa Anaphe venata umehusishwa na ugonjwa wa kupepesuka na kutetemeka, kwa sababu viwavi hao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini.

Njia nzuri ya kuanza si kuhamisha nondo wala kujenga banda, bali kuwalinda viwavi pale pale walipo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walijaribu Kakamega kuwafunika viwavi kwa mifuko ya neti mtini, na waliofunikwa walinusurika kwa wingi kuliko walioachwa wazi. Sababu ni rahisi: kekeo na ndege wengine wanaostahimili nywele hawawafikii, na nzi na nyigu wanaotaga ndani ya mwili wa kiwavi huzuiwa na matundu ya neti.

Shona mfuko wa neti ulio wazi pande zote mbili kama mkono wa shati, urefu wake mita moja na nusu hivi, na upana wa kutosha tawi lenye majani mengi lipite bila kubanwa. Ingiza tawi lenye fungu la mayai au viwavi wachanga, kisha funga mfuko shinani na nchani kwa kamba laini, ukiweka kitambaa au pamba kati ya kamba na gome ili sisimizi wasipate mlango. Acha nafasi ndani. Neti ikigusana na majani pande zote, ndege hudonoa kupitia nje na nyigu hupenyeza mkia wake. Andika tarehe kwenye kipande cha plastiki ukining'inize hapo, kwa maana baada ya mfuko wa sita hutakumbuka ni upi uliofungwa lini.

Neti hiyo isiwe chandarua cha kukingia mbu chenye dawa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa na chandarua kikuukuu nyumbani, nikaona ni ubadhirifu kununua kingine, nikakikata nikashona mifuko minne mizuri. Asubuhi ya tatu nilikuta viwavi wote wamelala chini ya mfuko, wamekunjamana. Dawa iliyotiwa kiwandani kwenye nyuzi za vyandarua hivyo hukaa miaka na haiondoki kwa kufuliwa mara mbili tatu. Nunua neti ya kawaida ya madirishani au kitambaa cha neti kinachouzwa kwa mita kwa ajili ya mapazia. Kwa sababu hiyo hiyo chunguza jirani yako anapulizia nini: shamba la miwa au mboga linalopuliziwa dawa ya wadudu upande upepo unakotoka linaweza kukumalizia mwaka mzima kwa alasiri moja.

Baada ya kufunga, kazi ya kila siku ni ndogo, lakini haikubali kuahirishwa. Pita asubuhi uangalie vifundo, buibui walioingia na majani yaliyobaki. Viwavi wa hatua za mwanzo hula kidogo, ila wakifika hatua ya tano na kuendelea, tawi huweza kubaki tupu kwa siku chache. Hapo kata kijitawi walichokaa juu yake, kifunge kwenye tawi jingine lenye majani mabichi, na uhamishe mfuko. Usiwashike mmoja mmoja kwa mkono, wala usiwatenganishe makundi ili "kuwapa nafasi", kwa kuwa kundi likipungua sana hula vibaya na kiota chake huwa chembamba. Fungua sehemu ya chini ya mfuko mara moja kwa wiki uondoe kinyesi, maana kikilowa mvua huota ukungu na kuleta maradhi. Waliokufa kwa maradhi wachomwe au wafukiwe mbali. Dhidi ya sisimizi, funga utepe wa kitambaa shinani kisha paka grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome lenyewe. Wanapoanza kujenga waache kabisa; kiwavi anayesumbuliwa wakati wa kutoa uzi huacha kazi na kuanza matembezi upya.

Anayetaka shughuli hii idumu apande mikarati yake. Mbegu hazihifadhiki: zikikauka hupoteza uwezo wa kuota, na wadudu huzitoboa upesi, kwa hiyo okota matunda yaliyoiva, toa nyama yake kwa maji, na upande wiki hiyo hiyo kwenye kitalu chenye kivuli. Unaweza pia kuchukua miche iliyojiotea chini ya mti mama, kwa ruhusa kama ni msituni. Ihamishie shambani mwanzoni mwa mvua za Machi, mita tatu au nne kati ya mti na mti, kando ya mto au kwenye mpaka wa shamba. Ikifika urefu unaokupita kidogo, kata kilele ili itanue matawi ya chini, la sivyo baada ya miaka michache utakuwa ukifunga mifuko ya neti juu ya ngazi. Usiweke viwavi kwenye mti ambao bado haujawa na matawi ya kutosha, na mti ulioliwa msimu huu upumzishwe msimu ujao.

Kuvuna ni baada ya nondo kutoka, na hapa ndipo nondo huyu anapomzidi yule wa mforosadi. Mfugaji wa mforosadi hulazimika kuua bundo kabla halijatoboa kifukofuko, kwani anataka uzi mmoja usiokatika wa mamia ya mita. Hariri ya Anaphe haiwezi kukunjuliwa hivyo hata kiota kikiwa kizima. Husokotwa kama pamba au sufu, hivyo matundu ya kutokea hayapunguzi thamani yake. Kikate kiota na tawi lake, kiweke ndani ya kizimba cha neti chini ya mkarati, na kuanzia Oktoba fungua kizimba kila jioni ili nondo waende zao, au waache wapandane humo na uhamishe majani yenye mayai kwenye mifuko mipya. Kiota kilichokwisha huwa chepesi ghafla, na ukikitikisa husikia maganda matupu yakichakarika. Viota vya msituni usivichukue vyote: mimi huacha angalau kimoja katika kila vitatu, na vilivyo juu sana sivigusi.

Kusafisha huanza kwa kupasua kiota nje ya nyumba, ukiwa umevaa vile vifaa vyote, na kung'uta maganda, ngozi kavu na vumbi. Tenganisha tabaka gumu na lililo laini, kwa kuwa haviivi pamoja. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye sabuni kidogo; kulowa huzituliza nywele za kuwasha. Kesho yake chemsha katika maji yenye magadi (soda ya kufulia, si ya kunywa), kwani gundi inayoshikamanisha nyuzi huyeyuka kwenye maji ya magadi. Mimi huanza na gramu 10 za magadi yaliyosafishwa kwa kila lita ya maji, nikichemsha kwa moto mdogo kwa saa moja, kisha natoa kipande nikivute: nyuzi zikiachana kwa urahisi, imetosha, zikibaki kama karatasi, naongeza nusu saa. Tabaka la ndani hudai muda mrefu zaidi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, kwa sababu magadi hula alumini na kuitia hariri weusi. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, hadi maji yawe safi, kisha anika kivulini juu ya wavu.

Ikikauka, chambua kwa vidole hadi iwe kama wingu, ichane kwa brashi mbili za sufu, na uisokote kwa gurudumu au kwa pia ya mkono, yaani kijiti cha kusokotea kinachozungushwa, ukilowesha vidole kidogo. Uzi wake ni wa rangi ya mchanga hadi kahawia hafifu, haung'ai sana kama hariri ya China, lakini una uzito mzuri mkononi. Wayoruba wa Nigeria wamefuma kwa hariri ya Anaphe kitambaa wanachokiita sanyan, cha rangi hiyo hiyo, kikavaliwa kwenye harusi na mazishi ya wakubwa, nao hawakuona haja ya kukitia rangi. Anayeanza asokote uzi mnene, auchanganye na pamba kama mshindio (nyuzi zinazopitishwa kukingama) huku mtande (nyuzi zinazotandazwa kwa urefu) ukiwa wa pamba tupu, kwa kuwa uzi wa hariri pori uliosokotwa na mkono usiozoea hukatika kwenye kitanda cha mfumi kila mara unapokazwa.